Mlango na Bawabu: Historia ya Kuwakinga Watoto na Mambo ya Watu Wazima

Hapana jamii isiyokuwa na mambo iliyoyaweka mbali na watoto wake mpaka wafike umri wa kuyabeba. Katika pwani ya Afrika Mashariki na bara yake, elimu ya mwili na ya unyumba haikutapanywa barazani. Ilikuwa na wakati wake, mahali pake na mwalimu wake. Somo au kungwi alimfunda mwari unyagoni, na wazee wa jando waliwafunda wavulana, kila upande kwa siri zake na nyimbo zake. Wala si kweli kwamba elimu hiyo ilihesabiwa kuwa uchafu. Ilihesabiwa kuwa mali, na kwa sababu hiyo ikawekewa mlango, na mlangoni akasimama mtu aliyemjua mtoto kwa jina, kwa ukoo na kwa umri.

Leo mtoto wa miaka tisa akishika simu ya mzazi wake aweza kufika, kwa kugusa kioo mara mbili au tatu, mahali ambapo babu yake hakufika maisha yake yote. Hakutani njiani na kungwi, wala mwenye duka, wala mkata tikiti wa sinema. Uchunguzi uliotolewa Januari 2023 na Kamishna wa Watoto wa Uingereza ulionyesha kwamba vijana walioulizwa waliona picha za ngono kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa miaka 13 kwa wastani, na kwamba mmoja katika kila kumi alikuwa amekwisha kuziona alipotimiza miaka 9. Watu waweza kubishana juu ya ukubwa wa madhara, lakini hawawezi kusema tena kwamba jambo hili ni la wachache.

Insha hii haikusudii kukilaani chombo, maana chombo hicho hicho kimewaletea watoto wetu vitabu, ramani na masomo wasiyoweza kuyanunua. Yakusudia kueleza jinsi sheria ilivyofika hapa ilipo. Nitafuata zaidi habari za Uingereza na Marekani, kwa kuwa huko ndiko sheria za namna hii zilikotungwa mapema na kujaribiwa mahakamani hadharani. Msomaji ataona kwamba swali kubwa katika historia hii halikuwa kama mtoto alindwe au asilindwe. Karibu watu wote walikubali kwamba alindwe. Swali lilikuwa ni nani asimame mlangoni, atamtambuaje mtoto, na mtu mzima apite kwa gharama gani.

Mwaka 1857 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya machapisho ya aibu, iliyowapa mahakimu uwezo wa kuamuru vitabu vya aina hiyo vitafutwe, vikamatwe na kuteketezwa. Sheria hiyo haikueleza aibu ni nini. Maelezo yalikuja mwaka 1868 katika kesi ya Hicklin, iliyohusu kijitabu kilichouzwa na mtu wa Wolverhampton ili kuwashambulia mapadri wa Kikatoliki na desturi ya maungamo. Jaji Mkuu Alexander Cockburn alisema kipimo ni kama maandishi yana mwelekeo wa kuwapotosha wale ambao akili zao zi wazi kwa upotovu, na ambao yaweza kuwafikia mikononi. Kwa kipimo hicho, aliye dhaifu kuliko wote akawa ndiye kadiri ya wote. Kitabu kisichomfaa mtoto kiliweza kuondolewa hata mikononi mwa mwalimu, mganga na mzee mwenye mvi.

Marekani iliifuata njia hiyo kwa bidii kubwa zaidi. Mwaka 1873 Kongresi ilipitisha sheria ya kukataza vitu vya aibu visisafirishwe kwa posta, na Anthony Comstock wa New York, aliyeipigania sheria hiyo, akafanywa mjumbe maalumu wa posta wa kuitekeleza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1883, alitoa kitabu kiitwacho Traps for the Young, kuhusu mitego iliyotegewa vijana. Hoja yake ilikuwa mtoto, lakini wavu wake ulivua mengi zaidi: sheria ile ile ilikataza pia maandishi ya kuwaeleza watu wazima jinsi ya kuzuia mimba. Hapo ndipo ilipoonekana hatari ambayo haijaisha hata leo. Aliyepewa upanga kwa jina la mtoto hachelewi kuutumia kwa mambo mengine.

Mawazo hayo yalisafiri pamoja na bendera. Sheria za jinai zilizowekwa na Waingereza katika nchi walizotawala zilikuwa na vifungu vya kukataza machapisho ya aibu, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inacho kifungu cha namna hiyo, cha 175. Kwa hiyo mjadala huu si wa wageni tu. Sehemu ya sheria zetu imezaliwa ndani yake.

Katikati ya karne ya 20 hofu ilihamia kwenye vitabu vya katuni. Mwaka 1954 Fredric Wertham, daktari wa maradhi ya akili, alitoa kitabu cha Seduction of the Innocent, akidai kwamba katuni za uhalifu na za kutisha zilikuwa zikiwaharibu watoto. Seneti ya Marekani ilisikiliza mashahidi mwaka huo huo, na wachapishaji, wakihofu kutungiwa sheria, wakajiwekea kanuni zao wenyewe. Uingereza nayo ilitunga sheria yake mwaka 1955. Lakini mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kuzipekua karatasi za Wertham, alionyesha kwamba daktari huyo alikuwa amebadilisha na kuchanganya maneno ya watoto aliowahoji. Jambo hili nalitaja kwa makusudi. Anayewatetea watoto ana wajibu wa kusema kweli kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa uwongo wake ukifichuliwa, wanaodharau madhara hupata kisingizio cha miaka mingi.

Kipimo cha Hicklin kilivunjwa Marekani mwaka 1957. Katika mwaka huo Mahakama ya Juu iliitazama sheria ya jimbo la Michigan, iliyomkataza mtu asimuuzie yeyote, hata mtu mzima, kitabu kiwezacho kuwapotosha vijana. Jaji Felix Frankfurter aliifananisha sheria hiyo na kuichoma nyumba ili kumbanika nguruwe. Watu wazima, kwa maoni ya mahakama, hawawezi kulazimishwa kusoma yale tu yanayowafaa watoto. Kisha katika kesi nyingine ya mwaka huo mahakama ikakitupa waziwazi kipimo cha Cockburn.

Je, mtoto aliachwa? La. Mwaka 1968, katika kesi ya Ginsberg, mahakama hiyo hiyo ilithibitisha hukumu ya mwenye duka dogo la Long Island aliyemuuzia mvulana wa miaka 16 magazeti ya picha za wanawake walio uchi. Magazeti yale hayakuwa haramu kwa mtu mzima. Kosa lilikuwa kumpa mtoto. Jaji William Brennan aliandika kwamba serikali yaweza kuwa na kipimo kimoja kwa watu wazima na kingine kwa walio chini ya miaka 17, maana wazazi wana haki ya kusaidiwa na sheria katika malezi, na dola lenyewe lina maslahi katika ustawi wa vijana.

Hukumu hii yastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa ndiyo nguzo ya yote yaliyofuata. Ilikuwa nyepesi kutekelezwa kwa sababu dukani palikuwa na mtu. Mwenye duka alimtazama mnunuzi usoni. Akiwa na shaka, aliuliza. Mtu mzima hakulipa chochote zaidi ya bei ya gazeti na kutazamwa kidogo. Jina lake halikuandikwa daftarini, na baada ya saa moja uso wake ulikuwa umekwisha kusahauliwa. Bila kukusudia, sheria ilikuwa imepata bawabu wa aina ya pekee: aliyeuona umri bila kumjua mtu.

Vyombo vya hewani na vya waya havikuwa na bawabu huyo, na mahakama zikalazimika kumtafutia badala. Mwaka 1973, majira ya alasiri, redio moja ya New York ilirusha hewani mazungumzo ya mchekeshaji George Carlin yaliyojaa matusi, na baba mmoja aliyekuwa garini pamoja na mwanawe akapeleka malalamiko. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba redio huingia majumbani bila hodi na kwamba mtoto asiyejua hata kusoma huisikia. Kwa hiyo yaweza kupangiwa saa. Hapa saa ya usiku ikawa bawabu. Mwaka 1989 ilikuja kesi ya simu za kulipia mazungumzo ya ngono. Mahakama ilikataa mazungumzo hayo yasipigwe marufuku kabisa kwa watu wazima, ikasema zipo njia nyepesi zaidi, kama kadi ya malipo na namba za siri. Hapa kadi ikawa bawabu.

Ndipo intaneti ikaja. Aprili 1993 kituo cha CERN, alikofanya kazi Tim Berners-Lee, kiliutoa mfumo wa wavuti uwe mali ya watu wote bila malipo. Miaka miwili tu baadaye hofu ilikuwa imeifikia Seneti ya Marekani. Seneta James Exon wa Nebraska aliwaonyesha wenziwe jalada la picha zilizochukuliwa mtandaoni, na tarehe 14 Juni 1995 Seneti ikakubali pendekezo lake kwa kura 84 dhidi ya 16. Wiki chache baadaye gazeti la Time likaliweka jambo hilo kwenye ukurasa wake wa mbele, likitegemea utafiti wa mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon; na kabla mwezi haujaisha wataalamu walikuwa wamekwisha kuonyesha makosa makubwa katika utafiti huo. Kisa cha Wertham kilikuwa kimejirudia.

Sheria ilitiwa sahihi na Rais Bill Clinton tarehe 8 Februari 1996. Ilimtishia kifungo cha hadi miaka miwili mtu atakayempelekea aliye chini ya miaka 18 maneno au picha zisizo na heshima, bila kueleza vya kutosha heshima ni nini. Tarehe 26 Juni 1997 Mahakama ya Juu iliibatilisha sehemu kubwa yake. Jaji John Paul Stevens alitoa mfano wa mzazi ampelekeaye mwanawe wa miaka 17 aliyeko chuoni habari za kuzuia mimba: kwa sheria ile, mzazi huyo angeweza kufungwa. Jaji Sandra Day O'Connor naye alieleza kiini cha jambo. Alisema katika ulimwengu wa kawaida mtoto hawezi kuingia mahali pa watu wazima bila kupita mlangoni, na akipita mlangoni hawezi kuuficha umri wake wote. Lakini mtandaoni, kwa wakati ule, hapakuwa na njia ya kumtambua. Wakati wa kesi hiyo watumiaji wa intaneti walikadiriwa kuwa milioni 40 tu duniani.

Kongresi ilijaribu tena mwaka 1998 kwa sheria nyembamba zaidi, iliyowahusu wafanyabiashara peke yao na iliyomkubalia mwenye tovuti kujitetea kwa kudai kadi ya malipo. Sheria hii ilizuiwa na jaji mapema mwaka 1999, ikafika Mahakama ya Juu mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2004, ikarudishwa chini, na mwisho ikazikwa Januari 2009 bila kutumika hata siku moja. Hoja iliyoishinda ni kwamba chujio linalowekwa na mzazi katika kompyuta ya nyumbani halimsumbui mtu mzima, na huzuia hata picha zitokazo nchi za ng'ambo, ambazo sheria ya Marekani haizifikii. Hata hivyo sheria ya mwaka 2000, iliyozitaka shule na maktaba zipatazo fedha za serikali kuu kuweka machujio, ilikubaliwa mwaka 2003. Katika maktaba alikuwapo mtu: mtu mzima aliyetaka chujio liondolewe aliweza kumwomba mkutubi.

Hoja ya chujio ilikuwa njema kwa zama zake. Ilitegemea kompyuta moja, sebuleni, na mzazi apitaye nyuma ya kiti. Lakini wakati mawakili wakibishana, ulimwengu ulikuwa ukibadilika kwa njia mbili. Kwanza, kuanzia yapata mwaka 2006 zilitokea tovuti za video za ngono zilizotolewa bure na kulipiwa na matangazo. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya biashara hii ilikuwa nyuma ya malipo, na kadi ilikuwa ikimzuia mtoto ingawa haikuwekwa kwa ajili yake. Pili, kuanzia mwaka 2007 simu janja ziliitoa skrini sebuleni, zikaitia mfukoni, shuleni na kitandani. Mlango wa malipo na mlango wa sebule vilianguka karibu pamoja, wala hapana bunge lililopiga kura viangushwe.

Kwa hiyo mabunge yalirudi kwenye swali la mwaka 1968. Uingereza ilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuzitaka tovuti za ngono zithibitishe umri, ikaiahirisha mara kadhaa, kisha Oktoba 2019 ikaachana na mpango huo. Sheria nyingine, juu ya usalama mtandaoni, ilipitishwa Oktoba 2023, na wajibu wa kuthibitisha umri ukaanza kutekelezwa tarehe 25 Julai 2025. Nchini Marekani jimbo la Louisiana lilitangulia, sheria yake ikianza kazi tarehe 1 Januari 2023, na mengine mengi yakafuata. Sheria ya Texas ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 27 Juni 2025 ikathibitishwa kwa kura sita dhidi ya tatu. Jaji Clarence Thomas alisema intaneti ya leo si ile ya miaka ya 1990, na kwamba kuuliza umri ni desturi ya siku nyingi. Jaji Elena Kagan, kwa upande wa wachache, hakukana haja ya kumlinda mtoto. Alishikilia kwamba mzigo anaotwishwa mtu mzima ulipaswa kupimwa kwa mizani kali zaidi.

Mimi naona kila upande una sehemu ya haki. Wengi wa majaji wako sahihi kwamba mtoto hawezi kuachwa bila mlango kwa sababu tu mlango umekuwa mgumu kujengwa. Lakini bawabu wa leo si yule wa Long Island. Yule aliona uso akausahau. Huyu aweza kudai kitambulisho au picha ya uso, na chochote kilichokwisha kuandikwa kwenye mashine chaweza kuibwa. Sheria ya Texas yenyewe inakataza habari hizo zisihifadhiwe, na mdhibiti wa Ufaransa, Arcom, aliagiza mwaka 2024 iwepo njia ambayo kwayo tovuti haijui mtu ni nani, na mthibitishaji hajui mtu anakwenda tovuti gani. Jitihada hizo ni za kutaka kumrudisha yule mwenye duka. Hazitoshi, maana mara tu sheria ya Uingereza ilipoanza kazi, programu za kumfanya mtu aonekane yuko nchi nyingine zilipakuliwa kwa wingi; lakini upande zinakoelekea ndio sahihi.

Na kwetu je? Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, ikaharamisha kusambaza picha za ngono kwa njia ya kompyuta, na Kenya ilipata sheria yake ya makosa ya kompyuta mwaka 2018. Mwaka huo huo wa 2018 kanuni za Tanzania juu ya maudhui ya mtandaoni ziliwaagiza wenye mikahawa ya intaneti waweke machujio na kamera. Kwa mkahawa kanuni hiyo ilikuwa na maana, kwani mkahawa una mlango na una mwenyewe. Lakini vijana walikuwa wakiondoka mikahawani kwenda kwenye simu, na simu nyingi ni za familia, hupita kutoka kwa baba hadi kwa kaka hadi kwa mtoto mdogo. Bawabu aliwekwa katika nyumba ambayo wageni walikuwa wakiihama. Tena, sheria zinazokataza kila kitu kwa kila mtu zinaturudisha kwa Cockburn: hazimtofautishi mtoto na mtu mzima, na kwa hiyo hazimtazami mtoto hasa.

Historia hii yatufundisha tuiulize kila sheria mpya maswali yale ambayo zile za zamani ziliulizwa zikashindwa kuyajibu. Bawabu ni nani? Anaona nini, na anakumbuka nini? Habari za afya na za mwili, ambazo kijana wa miaka 15 anazihitaji, zitapita au zitanaswa wavuni kama zilivyonaswa zama za Comstock?

Lipo na swali la mwisho, ambalo mahakama haziwezi kulijibu. Sisemi jando na unyago virudishwe kama vilivyokuwa. Vilikuwa na maumivu yake, na mara nyingi vilimharakisha binti kwenye ndoa kabla hajakomaa. Lakini kungwi hakuwekwa mlangoni ili afukuze tu. Siku ilipofika, alifungua, akaketi, akafundisha, na mwari aliyekuwa na swali alikuwa na mtu wa kumwuliza. Tangu mwaka 1857 sheria zimeshughulika na nusu ya kazi yake, nayo ni kufunga. Nusu ya pili imeachiwa wazazi waonao haya na walimu wasiopewa muda, na penye kimya chao ndipo video za bure zilipopata kiti cha mwalimu. Hata tukiujenga mlango ulio bora kuliko wote, mtoto atakua na siku moja ataupita. Yatupasa tuwe tumekwisha kusema naye kabla ya siku hiyo.